Kuku wa Mama Kuramochi

Kwa miaka kumi na tisa Sadae Kuramochi alifuga kuku wa mayai bondeni, nje kidogo ya mji wetu wa Shirakawa. Kuku wakichoka kutaga, dereva alikuja na makreti akawapeleka kwa mchinjaji, na kwa mchinjaji walichukuliwa na Tokuji Hirose, mwenye mgahawa wa rameni, yaani tambi katika supu ya kuku, karibu na stesheni. Sadae aliliona jina la mgahawa kwenye karatasi za dereva, lakini hakuwahi kukanyaga huko. Alisema hana hamu ya kumla kuku aliyemlisha mwenyewe.

Alipotimiza miaka sabini na miwili magoti yalimgomea, na wanawe hawakuutaka ufugaji. Mwezi wa Machi aliuza kundi la mwisho, akafagia banda, akalala siku mbili. Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda mjini.

Alifika kwa Hirose saa tano na nusu, foleni ikiwa imeshafika kwenye kona. Hirose hukanda unga mwenyewe alfajiri, akausukuma kwa mti wa mwanzi na kuukata kwa kisu, hivyo tambi zake hazilingani, nyingine nene, nyingine nyembamba. Supu ni nyepesi, rangi ya chai, na mafuta ya manjano juu. Sadae alikula polepole.

Hirose si mtu wa maneno, ila alimwona mgeni, akamuuliza ametoka wapi.

“Hapa hapa, bondeni,” alisema Sadae. “Hawa kuku ni wangu. Ndio wa mwisho.”

Hirose, aliyelijua jina hilo kwenye karatasi tu, aliweka upawa chini. “Wewe ndiye Mama Kuramochi?”

“Ndiye.”

“Sasa mama, unafunga banda bila hata kuniambia?”

“Ningekuambia wapi, na leo ndiyo mara ya kwanza tunaonana?”

Tambi zilizokuwa jikoni zikaiva kupita kiasi, akazimwaga. Walio kwenye foleni walisubiri huku akimuuliza maswali. Sadae alimweleza kwamba hakuwahi kuuza kuku kabla hawajatimiza miaka miwili, na kwamba chakula chao alikichanganya na pumba za mpunga na maganda ya chaza yaliyosagwa. Hirose akayaandika nyuma ya karatasi ya oda.

Majira ya joto yalikuwa mabaya kwake. Alijaribu kuku wa mashamba matatu, supu ikawa kama maji, na baadhi ya wateja wa siku zote wakahamia kwingine. Alimpigia Sadae simu aje aonje.

“Wachanga hawa,” alisema Sadae. “Mwambie huyo mfugaji awe na subira.”

Mfugaji mmoja wa bonde la pili alikubali kuwaacha wafike miaka miwili, lakini kwa kuku wachache tu. Hirose sasa hufungua siku nne kwa wiki. Sadae huenda Jumatano akipata lifti, na hupanga foleni kama watu wengine.