Mto wa Chaki

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na darasa lile la watu wazima lilinizidishia. Tulikutana kila alasiri, majani ya chai yakishapimwa, katika banda la kuwekea magunia kwenye shamba moja la Kericho. Miaka hiyo ya thelathini nilikuwa karani wa mizani niliyetamani ualimu kuliko kitu chochote. Meneja alinipa banda kwa sharti moja: siku atakayokuja kuhesabu akute watu wasiopungua ishirini, la sivyo banda lirudi kwa magunia nami nibaki kwenye mizani daima.

Kusoma walikuwa wanajikokota nako, lakini historia iliwalaza. Niliwasomea habari za vita vya Wajerumani, wakasinzia. Siku moja nikapandwa na hasira, nikafunga kitabu, nikachora mto sakafuni kwa chaki. "Nyinyi ni msafara wa jeshi," nikawaambia. "Mna mizigo ya risasi na unga, mna wagonjwa, adui yuko siku mbili nyuma yenu, na mto umefurika. Mnavuka au mnangoja?" Usingizi ukawaruka. Ili nisionekane nina upendeleo, nikatia maharage kofiani. Atakayetoa jeusi ndiye kamanda. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Harage jeusi likamwangukia kijana aliyetoka jandoni mwaka uliopita tu. Akatanua kifua, akamwelekezea kidole mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, Mkipsigis aliyekuwa mpagazi katika vita vile vile. "Wewe, simama! Beba!"

Mzee akasimama kweli, akachukua koti lake, akatoka. Wa rika lake wakamfuata, kisha wengine kwa aibu. Kwetu kando ya ziwa hatuna jando, kwa hiyo nilibaki nimeshika kofia nikiuliza kuna nini. Kijana alikuwa karibu kulia. Kesho yake walikuja watu saba, na meneja alikuwa amesema atapita Jumatatu.

Jumapili nikatembea hadi kwa yule mzee, upande wa Kapkatet, sukari nimeibeba na kiburi nimekiacha nyumbani. Akanikaribisha maziwa ya kibuyu. Nikaomba radhi.

"Mwalimu, mimi sina hasira na wewe," akasema. "Lakini mtoto ya juzi hawezi niambia simama mbele ya watu."

"Na huko vitani, nani alikuambia simama?" Swali lilinitoka kabla sijalipima, ndiyo tabia yangu.

Akaweka kibuyu chini. Nikajua nimeharibu.

"Mzungu moja mdogo kuliko huyo kijana," akasema mwishowe. "Huko hakuna kokwet."

Kokwet ni baraza lao la majirani, ambapo jambo huzungumzwa na wote mpaka wakubaliane. Akaendelea, "Kamanda yako aitishe kokwet. Yeye akiuliza, mimi nitajibu. Kuuliza si kuamuru."

Jumatatu banda lilijaa. Kijana alisimama kando ya mto wangu wa chaki, mikono nyuma. "Mzee, mto imejaa. Tufanye nini?"

Wakabishana kama watu wenye mizigo ya kweli mabegani. Mmoja alitaka kamba, mwingine risasi zifukiwe, mwingine akauliza wagonjwa watabebwa na nani. Katikati ya kelele zile meneja akatokea mlangoni, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akasema atanitafutia ubao. Nilifurahi hata nikasahau kumshukuru.

Mzee alikuwa wa mwisho kusema. "Tungoje. Maji inashuka asubuhi." Kijana akawatazama wote, akaamua: wangoje.

Nikamwuliza mzee kama kule vitani nako walingoja.

"Tulivuka," akasema. "Rafiki yangu, wa rika yangu, alikuwa na sanduku ya risasi kichwani. Maji ikamchukua. Hakuna mtu alituuliza."

Kisha akaniomba chaki. Alikuwa hajawahi kuandika neno lolote mbele za watu zaidi ya jina lake mwenyewe. Akanitamkia jina la yule rafiki, nikamtajia herufi moja moja, naye akapiga magoti akaliandika sakafuni, polepole, upande huu wa mto.