Fundi Rachid Anyoosha Waya

Kaka yangu Rachid ni fundi cherehani pale Magarama, Gitega, na ugonjwa wake ni unadhifu. Akiona uzi mmoja umepitana na mwenzake, halali usingizi. Mstari ukutane na mstari, rangi na rangi. Hiyo ndiyo sheria ya kibanda chake.

Mwaka huu akapata ugonjwa wa pili: roboti. Sababu ni mama yetu, Bi Salama, ambaye ninaishi naye Muyinga. Mikono yake imeanza kutetemeka, na kwa mama, mgeni hupewa chai na mwenye nyumba mwenyewe. Nikibeba sinia mimi, ananiuliza kama yeye amekwisha kufa. Siku moja alimmwagia jirani yetu Bi Anisia chai magotini, na tangu hapo, miezi saba, hakualika mtu. Alikaa tu na mlango wake umefungwa. Iliniuma sana.

Basi Rachid akaunda kigari cha kubeba sinia, akisaidiwa na rafiki yake Crispin, fundi simu. Mama angebonyeza kitufe jikoni. Kadi moja ya umeme ingepokea amri na kuipeleka kwa kadi ya pili, inayozungusha magurudumu. Kule Gitega kilitembea vizuri. Ijumaa akakileta, na bila kutuuliza akamwalika Bi Anisia aje kunywa chai baada ya swala.

Bi Anisia akaja, akaketi sebuleni. Mama akapanga vikombe sita vya chai juu ya kigari, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Taa za kadi zote mbili zinawaka, gurudumu halitikisiki.

"Labda kimechoka na safari," alisema Bi Anisia, aliyekulia Tanzania na ana adabu kupita kiasi.

Mama akaanza kuondoa vikombe, kimoja kimoja. Nilijua akimaliza hatajaribu tena.

Rachid akabadilisha betri. Wapi! Akafungua kompyuta yake kuukuu, akahakikisha kadi zote zimepangiwa kasi moja ya kuzungumza. Zimepangiwa. Akachukua kadi moja, akaunganisha tundu lake la kutuma na lake la kupokea, akaandika "mama" kwenye kompyuta. "Mama" likarudi. Kadi ya pili nayo hivyo hivyo. Yaani kila moja inajisikia yenyewe, ila hazisikilizani. Akampigia Crispin, simu ikiwa kwenye spika.

"Umegusa nini?" Crispin aliuliza.

"Sijagusa kitu, mon vieux! Nimepanga waya tu. Zile mbili zilikuwa zinapitana vibaya, mi nikazinyoosha. Tundu ya kutuma kwa ya kutuma, ya kupokea kwa ya kupokea. Nimeshona na uzi, iko propre, safi kabisa!"

Crispin alicheka mpaka akakohoa. "Rachid, ilikuwa makusudi! Kutuma ya huku inaingia kwa kupokea ya kule. We umeunganisha mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Bon, nani atasikia?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Rachid hakucheka. Alichukua mkasi, akaukata mshono wake mzuri, akazipitanisha zile waya huku amekunja uso kama mtu anayemeza dawa. Kwenye kigari kilikuwa kimebaki kikombe kimoja.

"Mama, bonyeza," alisema.

Kidole cha mama kikatetemeka, kikakipata kitufe. Kigari kikashtuka, kikavuka sebule polepole, kikombe kikigonga sahani, hadi miguuni pa Bi Anisia. Hakuna tone lililomwagika.

"Anisia, kunywa!" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Ni mi nimekuletea!"

Rachid akageukia ukuta, akafuta macho kwa utepe wa kupimia. Mama yeye alikwishaanza kupanga vikombe vilivyobaki kwenye sinia nyingine.

"Layla," aliniita, "we unasimama nini? Kimbia kwa majirani, kwa Nuru na kwa Letisia, waambie chai iko tayari. Na mlango uache wazi."