Ndagala za Mama kwa Muziki wa Kajaga

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia mtaa wetu wa Buyenzi mtanishuhudia, mtoto hakwenda kusikiliza muziki mikono mitupu. Muziki wenyewe ulikuwa Kajaga, kwenye mchanga wa ziwa, siku chache baada ya Idi. Vyombo vililetwa na lori pamoja na jenereta yake, orkestra zikapiga siku mbili, na sisi tukalala huko huko, wengine chini ya lori, wengine chini ya turubai la kuanikia mpunga. Leo wanaita festivali. Sisi tuliita muziki wa Kajaga tu, na hakuna aliyetuuliza tiketi.

Moto ulikatazwa. Viboko hutoka majini kuja kula majani, na wakubwa hawakutaka watoto wakoroge sufuria huku mnyama amesimama nyuma yao. Kwa hiyo chakula kilikuwa kikavu, cha mkono, kisichotaka sahani wala kupashwa moto. Buswage, ile mihogo iliyolowekwa ikapondwa ikafungwa kwenye majani ya mgomba, ilikaa siku tatu bila kuchacha. Mayai ya kuchemsha, na chumvi yake pembeni ndani ya kipande cha gazeti. Ndizi za kuchoma zilizopoa. Karanga. Mandazi magumu ya mama mmoja wa avenyu yetu, ambayo tulisema ukimrushia mbwa anaenda kushtaki.

Na ndagala za mama yangu. Nyinyi wa rika langu mnazijua, hao samaki wadogo wa ziwa letu. Mama alizikausha kwenye kikaango bila tone la mafuta mpaka zinalia kama majani makavu, akazikamulia ndimu, akatia pilipili, akazichanganya na karanga zilizotwangwa, akafinyanga vidonge na kukifunga kila kimoja kwenye jani lake. Hizo hazikupikwa kwa ajili ya nyumbani. Mwaka mzima ungeomba, jibu lilikuwa moja: "Hizo ni za Kajaga."

Sasa sikilizeni desturi yenyewe, maana vijana wakiisikia wanadhani natunga. Ukifika Kajaga, hukula kifurushi cha kwenu. Vifurushi vyote viliwekwa kwenye mkeka, vikafunikwa kanga, ukaingiza mkono bila kuangalia. Ukishika cha kwenu unarudisha. Mtoto aliyekula cha mama yake aliitwa mchoyo mwaka mzima, na mama yake alitajwa pamoja naye. Ukirudi nyumbani hukuulizwa kama umeshiba. Uliulizwa, "Ya kwangu kala nani?" Ukataja jina, na kuanzia siku hiyo mtoto huyo akawa mgeni wa mama yako. Akipita mlangoni anaitwa, anapewa maji, akikosea anachapwa kama wa kwenu.

Za mama yangu zilimwangukia mara nyingi Bosco wa mtaa wa Kinama, rafiki yangu, mtoto wa fundi baiskeli. Mi nasema alichungulia. Yeye aliapa kwa Bikira Maria kwamba mkono wake unaongozwa. Alikula amefumba macho, akilamba jani, na nikimwuliza zina ladha gani ananijibu, "We kaa na njaa yako, mutoto wa mupishi." Basi mama akampenda yule Mkristo kuliko watoto wengine wote, na Idi ilimkuta kwetu kama Krismasi ilivyonikuta mimi kwao.

Kisha ikaja ile miaka ya vita. Sitaieleza, mnaijua. Malori yaliyobeba muziki yakabeba magodoro na watu wanaokimbia. Kajaga hapakwendeka. Bosco alitoka kwao asubuhi moja kwenda kumtafuta dada yake, na mpaka leo hatujajua alikofika.

Mimi sikusoma. Darasa la tano nililiacha bila kuaga. Nilisukuma mkokoteni wa saruji, nikauza misumari kwa kupima na kiganja, na leo muulizeni mkandarasi yeyote wa mji huu mabati anachukua wapi. Nimejenga Mutanga Sud, jirani na chuo kikuu. Maprofesa wananiamkia mimi, kwa sababu nyumba zao zinavuja na yangu haivuji. Mama nimemtoa Buyenzi, nimempa chumba chenye bafu lake, na jikoni kuna frigo mbili na msichana wa kupika. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nilimwondolea kazi mama aliyekuwa analisha watoto wa watu, nikamkalisha kwenye kiti. Akawa mtu wa kuchungulia dirishani, siku hadi siku akipungua.

Mwaka huu binti yangu Zuena akasema anaenda festivali Kajaga na wenzake wa chuo, watalala kwenye mahema. Mama akageuza shingo.

"Kajaga? Mnalala huko huko?"

"Ndiyo, bibi. Siku mbili."

Kesho yake alimtuma msichana sokoni akalete ndagala, kisha akamfukuza jikoni. Mikono imemwishia nguvu, lakini karanga alitwanga mwenyewe. Nilisimama mlangoni kumwangalia. Miaka mingi sikuwa nimemsikia akiimba.

Zuena alikuwa anapanga mfuko wake: tambi za kumwagia maji moto, viazi vya sasheti, soseji za kopo, jiko la gesi dogo kama kofia. "Bibi, usijisumbue. Huko kila mutu ana yake."

"Kila mutu ana yake? Sasa mnaenda pamoja kufanya nini?"

Zuena akacheka, lakini ni mtoto mwenye adabu. Alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, na mama akampa sharti lile lile la zamani: wewe usile, ukirudi uniambie kala nani.

Siku ya pili niliwapelekea maji na barafu, kwa gari langu kubwa, ili wenzake waone Zuena ana baba. Watoto wa siku hizi mahema yao yanajifungua yenyewe, nao wanapanga foleni ndefu si ya chakula, ya kuchaji simu. Ndani ya hema, chini ya viatu, nikaona majani ya mgomba. Fundo halijaguswa.

"Papa, niliwaonyesha," Zuena akasema. "Wakauliza kama ni dawa. Na mi bibi amenikataza."

Nilikuwa ninamjua anayengoja pale dirishani. Nikakichukua kifurushi, nikatoka nacho mwenyewe.

Hema la kwanza, vijana wanne wamezunguka tambi. "Merci, mzee, tumeshiba," wakasema, na vijiko viko mdomoni. Hema la pili, msichana akauliza, "Ni bei gani?"

"Si ya kuuza. Ni mama yangu amepika. Kuleni."

"Bure?" Akamtazama mwenzake. "Mzee, usikasirike. Siku hizi bure inaogopesha. Mutu hakuli kitu ya mutu asiyemujua."

Sikukasirika. Yule mtoto alifundishwa hivyo na wazazi wa rika langu, na wazazi hao walikuwa na sababu zao. Kijana mwingine alifurahi sana, akaniambia nikishike juu kidogo, akakipiga picha na ziwa nyuma yake, akasema ni kitu cha asili kabisa, akanirudishia. Mimi, ambaye watu hupanga foleni dukani kwangu kuomba saruji, nilizunguka mchanga wote ule nikiomba watu wapokee.

Nilirudi Mutanga Sud nacho kwenye kiti cha mbele. Kutupa chakula sikulelewa hivyo, na kusema uongo kwa mama nilishindwa hata kuupanga. Alikuwa barazani. Aliliona fundo kabla hajaniona mimi.

"Haijafunguliwa."

"Apana, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akashika majani, akayapapasa kama mtu anayepima joto la mtoto. Halafu akafungua. "Kaa hapa. Kula."

"Mama, ni ya kwetu. Mi siruhusiwi."

"Nani amebaki wa kukukataza?"

Nikakaa. Umri huu wote, mara ya kwanza kuonja ndagala za mama yangu za Kajaga. Chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili, labda tatu, ndimu ikawa chungu, na zile karanga zilikuwa zimeungua upande mmoja. Nilitafuna, nikameza, nikachukua ya pili. Yeye alikuwa ananitazama mdomoni.

"Ni nzuri?"

"Nzuri, mama."

Akatikisa kichwa polepole, hakula hata moja, akaomba apelekwe chumbani. Tangu siku hiyo jikoni hajaingia tena.

Festivali zao zina taa za rangi, walinzi mlangoni na vyoo vya kukodi. Kila mtoto anakwenda na chakula chake, anakula chake, anarudi salama bila deni kwa mama wa mtu yeyote. Siwalaumu sana. Sisi tulirudi na mchanga masikioni na mama wapya kila mwaka, bila kujua cha kwetu kina ladha gani. Ladha ya mkono wa mama yangu, ule wa nguvu zake, niliwaachia watoto wa watu, nikidhani muda upo. Waliokuwa wanaijua wametawanyika, wengine wako chini ya udongo ambao hatujaonyeshwa, na yeye mwenyewe ulimi umeshaisahau. Pesa ninazo. Hakuna wa kumuuliza ilikuwaje.