Posa ya Gari la Muhidini

Muhidini wa Kiwangwa ana adabu za kurithi. Marehemu baba yake aliuziwa baiskeli isiyo na breki, akaona haya kuirudisha, akawa anaisimamisha kwa kisigino mpaka uzee ulipomshusha.

Shamba la mananasi la Muhidini na mkewe Habiba liko bondeni, mbali na lami. Vuli ikianza, lori la mnunuzi halithubutu kuteremka huko. Mwaka jana nusu ya mananasi yaliozea shambani, nyuki wakafanya sikukuu. Mwaka huu Muhidini akauza korosho zote na mbuzi wawili, akaapa kununua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, hata likiwa kongwe.

"Nenda na fundi Issa wa Msata, baba Samia," Habiba alimwambia. "Akalale chini, atazame."

"Nimwingilie mtu kwake na fundi? Nimekuwa polisi mimi?"

Badala yake akamchukua mjomba wake, mzee Mwinyijuma, mshenga aliyeozesha nusu ya Kiwangwa. Wakavaa kanzu, wakapanda basi mpaka Bagamoyo mjini kwa Zishan, mwenye duka la vyombo, aliyekuwa akiuza gari la familia la aina hiyo.

Walilikuta uani, limeoshwa, linang'aa kama bi harusi. Kilomita laki tatu na themanini elfu.

"Limetembea," Zishan alikiri, "lakini limetembea na watu wa heshima. Marehemu baba alikuwa akienda nalo msikitini kila Ijumaa."

Mwinyijuma akaridhika sana. Akauliza limepita mikono ya nani, na kama kuna maradhi yoyote katika ukoo. Zishan akajibu yote kwa upole. Kisha mkewe, Nadhira, akaleta biriani.

Walipokwisha kunawa, Muhidini alilitupia gari jicho. Roho ilimtuma ainame, achungulie uvunguni. Lakini umeshakula biriani ya mtu, umemwombea dua marehemu baba yake, unaanzaje kulala chini na kupekua? Akatoa pesa zote. Bei haikupungua hata kidogo, maana hakuomba ipungue. Mwinyijuma akasoma fatiha.

Juu ya lami gari lilikwenda kama maji. Wiki nzima Muhidini alilizungusha kijijini, akiwapungia mkono hata kuku.

Jumamosi mvua ikamwagika tangu alfajiri. Lori lilikuwa linangoja kwenye lami, na mnunuzi alisema saa tisa anaondoka. Muhidini akapakia mananasi mpaka darini, akamketisha Mwinyijuma kando yake, akaingia kwenye tope. Gari likaguna. Magurudumu ya nyuma yakarusha matope mpaka kwenye kanga ya Habiba. Ya mbele yakatulia tuli kama wageni waalikwa.

Issa akaitwa, akaja na pikipiki, akalala chini. Alipotoka alikuwa anaonekana meno tu.

"Mzee, propela shafti ya mbele haipo. Kile chuma kinachopeleka nguvu huko mbele, kimefunguliwa zamani. Yanayovuta ni mawili tu."

Muhidini akampigia Zishan. "Asalaam aleikum! Hamjambo? Watoto? Na Bi Nadhira? Duka linakwendaje?"

Habiba akampokonya simu. "Shemeji, shafti iko wapi?"

"Ipo stoo, shemeji! Marehemu aliivua, gari lisile mafuta. Nilikuwa nangoja mniulize, niwape. Mlipokaa kimya nikaona haya, msije mkadhani nawafundisha kazi."

Saa sita ilikuwa inakaribia. Habiba akarudisha simu, akafungua mlango wa nyuma, akajaza matenga, akaita jirani zake Batuli na Mwanajuma. Wakajitwika. Muhidini alikuwa bado ameshika usukani, kanzu mwilini, akiwashukuru mmoja mmoja.

"Shuka," Habiba alimwambia. "Na hiyo kanzu, vua."

Akashuka, akavua, akajitwika tenga mbele ya fundi na mjomba wake. Walikwenda na kurudi mara nne, mpaka mananasi yote yakafika lami, na saa tisa ikiwa bado kidogo. Mnunuzi akayageuzageuza.

"Yana tope haya, mzee. Nitakupa nusu ya bei."

Habiba alifumba macho, akingoja lile neno "haya, baba" alilolisikia miaka ishirini na sita ya ndoa.

"Hapana," Muhidini akasema.

Mnunuzi akashtuka. Muhidini mwenyewe akashtuka zaidi, akamshika mkono mnunuzi, akamwomba radhi mara tatu, akamuulizia na mama yake mzazi. Lakini bei hakuishusha.