Nyuzi za Ukutani

Dalali wetu alipoingia kwenye chumba changu cha kushonea mara ya kwanza, alisimama mlangoni na kushika kiuno.

"Mama, hii chumba iondoke," akasema. "Mutu anakuja kununua nyumba. Hanunui kiwanda."

Nikamwambia chumba hakina miguu, labda aondoke yeye. Kutoka kitandani, mume wangu alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki na nguvu tangu apooze.

Kwa ajili yake ndiyo tulikuwa tunauza. Nyumba yetu ya Bwera iko juu ya kilima, na kila safari ya hospitali ilikuwa kazi ya kumshusha kwenye ngazi za mawe, kumpakia nyuma ya dereva wa boda, kisha nipande mimi nyuma yake nimkumbatie asianguke. Kule Kasese mjini tulikuwa tumepata nyumba ya mahali tambarare, yenye mlango mpana unaoingiza kiti cha magurudumu. Mwenye nyumba alikubali kutungoja hadi mwisho wa mwezi, basi. Yetu isiponunuliwa kabla ya hapo, ile angeichukua mtu mwingine. Kwa hiyo dalali nilimchukia, lakini nilimtii.

Chumba chenyewe nilikipata kwa kubomoa. Watoto walipoondoka, niliangusha ukuta uliotenganisha vyumba vyao, nikabaki na chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande wa barabara. Mlikuwa na cherehani tatu, magunia ya vipande, na meza ya kukatia ambayo seremala aliiundia humo humo bila kufikiria siku ya kuitoa. Tuliitoa kwa msumeno. Nililia, na seremala akaniomba radhi kwa vumbi.

Zikabaki nyuzi. Shangazi yangu wa Munkunyu ndiye aliyenifundisha ushonaji, na yeye hakupima kwa futi. Mteja akija mara ya kwanza, unakata uzi mnene wa pamba, unaupitisha begani, kifuani, kiunoni, kwenye nyonga, kisha unaushusha hadi anapotaka gauni lifike. Kila kipimo unakifunga fundo. Kwenye ncha unashonea kipande kidogo cha kitenge chake, ili ujue uzi ni wa nani, halafu unautundika msumarini hadi atakaporudi. Mume wangu aliwahi kuninunulia daftari zaidi ya mara moja, nami nikawashia moto kurasa zake. Sikulihitaji. Ukuta mzima ulikuwa umejaa watu wangu, na nilimjua kila mmoja kwa kugusa tu.

Siku tuliyokuwa tunamalizia kuondoa vitu, mnunuzi alikuwa aje kesho yake asubuhi. Mchana dalali akapiga simu: mama mnunuzi ameshavuka mpaka wa Kongo, yuko njiani, anakuja sasa hivi. Nilitazama ule ukuta. Nikaanza kung'oa nyuzi kwa mafungu, nikazijaza kwenye beseni na kukimbia nazo nyuma ya nyumba, ambako magunia ya vipande yalikuwa yakiungua tangu asubuhi. Nikatupa fungu la kwanza motoni. Nilikuwa nimeshika la pili dalali alipotokea kwenye kona na mgeni wake, eti amwonyeshe kwanza tangi la maji.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mama wa makamo, nadhifu, rozari shingoni.

"Jambo mama. Unachoma nini?"

"Takataka tu."

Sijui ni shetani gani aliyenipa jibu lile. Aliinama, akaokota uzi mmoja ulioponyoka kwenye beseni. Akahesabu mafundo kwa kidole bila kutoa sauti, akafika kwenye kile kitambaa, akasimama hapo hapo.

"Hii takataka iko na mafundo," akasema polepole. "Na iko na nguo ya mutu."

"Ni vipimo."

"Vipimo ya nini?"

"Vya watu."

"Batu beko bangapi mu hii beseni?"

Kila nilichojibu kilikuwa kweli, na kila nilichojibu kilinizamisha zaidi. Kwetu huku, anayetaka kumfunga mwenzake kwa uchawi huanza kwa kutafuta kipande cha nguo yake. Hilo analijua hata mtoto, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya moto na beseni zima.

Jirani yangu alikuwa upande wa pili wa ua akianika nguo. Nimemshonea tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Harusi ya binti yangu tulivaa sare, gauni lake na langu kutoka kitenge kimoja, na kipande cha kitenge hicho nikakishonea kwenye uzi wake. Nikafurahi kumwona, nikamwita aje amweleze mgeni. Alisogea, akatazama beseni, akatazama moto.

"Zile za kwa ukuta nazijua," akasema. "Hizi za kuchoma sizijui." Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na yangu iko mu moto?"

Niliona hasira inanipanda, nikaona pia uso wa dalali umebadilika rangi, nikakumbuka zile ngazi za mawe.

Mgeni akaniwahi. "Kama iko vipimo," akasema, "basi unipime."

Tuliingia kwenye chumba kitupu. Alisimama katikati, mikono mbali na mwili, kama mtu anayengoja sindano. Nilikata uzi. Fundo la bega nililifunga mara mbili. Kutoka chumba cha pili mume wangu akapaza sauti yake nzito, "Uangalie mikono! Suti yangu ya harusi inanibana mpaka leo!"

Yule mama akacheka. Nilikuwa karibu kumbusu mume wangu. Nikamaliza kifua, kiuno, nyonga, urefu, nikamwonyesha jinsi mafundo yanavyokuwa gauni. "Kumbe ni hivyo tu," akasema, na pumzi zikamrudi. Alizunguka vyumba vyote, akagonga kuta, akasema ameipenda nyumba, angerudi Ijumaa na bwana yake kumaliza maneno.

Kwa mazoea tu, nikainua mkono nitundike uzi wake msumarini. Akanidaka.

"Hapana, mama. Hii nabeba."

Akaufunga kwenye leso pamoja na rozari yake.

Jioni ile jirani alikuja hadi mlangoni. Hakuingia, yeye aliyezoea kuingia bila kubisha.

"Si eti naamini hayo maneno," akasema. "Lakini unipatie yangu."

Nilirudi ndani na kupekua beseni, nikijua. Wake ulikuwa kwenye fungu la kwanza. Ningemwambia umeungua, habari ingefika sokoni kabla ya Ijumaa, na yule mama wa Butembo angeikuta ikimngoja. Mume wangu alikuwa ananitazama kutoka kitandani.

Nikakata uzi mpya. Nilifumba macho nikafunga bega lake, kifua chake, kiuno chake kilivyo sasa tangu augue na kupungua, nyonga, urefu. Sikuhitaji kumwita apimwe. Kisha nikatoa gauni langu la ile harusi, nikakata kipande kwenye pindo na kukishonea kwenye ncha.

Aliupokea kwa mikono miwili. Akakitazama kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba.

"Ndiyo," akasema. "Huu ni wangu."

Akaondoka bila kuniaga.

Sasa tunakaa Kasese. Mume wangu anajisukuma mwenyewe hadi mlangoni na kuota jua, na watu wakipita anawasimamisha awatanie. Wateja ninao wachache. Nawapima kwa futi, naandika kwenye daftari, na yeye anajisifu kwamba hatimaye nimemsikia. Ukuta uko mtupu.

Lile gauni bado nalivaa Jumapili. Wanawake kanisani huniambia, mama, na wewe ni fundi, mbona hushoni hilo pindo. Nawaambia nitashona.