Mkunga Aliyenibonyeza Mguu

Mimba yangu ya kwanza niliilea Mitwero, nyumbani kwa mama mkwe, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni Lindi na kila mtu akageuka mfanyabiashara. Mume wangu naye alikuwa vijijini akinunua korosho.

Jirani yetu alikuwa mkunga wa jadi, mama wa makamo mwenye lafudhi nzito ya Kimwera. Asubuhi alipika vitumbua. Alipotoka kwenye mafunzo ya wakunga pale hospitalini, akawa kila akimaliza kuuza anapita nyumba kwa nyumba, kwa kujitolea, kuwaangalia wajawazito na watoto wachanga. Wengine walimwita daktari wa vitumbua. Hakujali.

Siku moja alinikuta kibarazani nachambua mchele. Hata hakuketi. Aliinama, akanibonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipokiondoa, pakabaki shimo.

"Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi. Na macho yanaona ukungu."

Alimgeukia mama mkwe. "Shikamoo, mama. Huyu aende hospitali leo."

"Marahaba. Kwa kuvimba miguu tu? Amebeba dume huyo. Atajifungua hapahapa, kwa mikono yako."

Mkunga alimsogelea. Kisha akasema taratibu, "Mama, hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Wawili wamenifia mikononi, wamevimba kama huyu. Nilidhani ni mashetani. Sikujua. Sasa najua, na sitamgusa."

Sijawahi kusikia mtu mzima akikiri jambo zito namna ile mbele ya watu, mchana kweupe. Mama mkwe alimtazama, akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Akatoka na khanga zake mbili mpya na kadi yangu ya kliniki.

Sote watatu tulipanda pikapu iliyobeba mihogo, mimi nimelazwa juu ya magunia, mkunga kanishika mkono njia nzima. Hospitalini walinipima presha, nesi akaita mwenzake haraka. Walisema ningechelewa kidogo, kifafa cha mimba kingenikuta nyumbani.

Nilijifungua siku ya tatu, kabla ya wakati. Alikuwa msichana, mdogo mno, hata kulia alilia kama paka. Niliogopa kumshika. Mkunga alimvua nguo zote akabakiza nepi, akamlaza kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa khanga.

"Usimtoe humo," aliniambia. "Wewe ndiye joto lake."

Nilipochoka, mama mkwe alifungua blauzi yake akampokea mjukuu, huku anaona haya.

Tuliporudi, mkunga alikuja kila siku kutazama kitovu na jinsi mtoto anavyonyonya. Mwezi baada ya mwezi nilimpeleka kupimwa uzito kwenye kibaraza cha shule, ambako mzani ulining'inizwa kwenye boriti. Nukta zake za uzito kwenye kadi zilianzia chini kabisa, kwenye rangi nyekundu. Siku nukta ilipoingia kwenye kijani, mkunga aliniita niione, akapiga vigelegele mpaka walimu wakatoka madarasani.

Mama mkwe hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amemsindikiza mke wa jirani mwingine kliniki, baada ya kumkuta na miguu iliyovimba na kugombana na nyumba nzima iliyokataa aende.