Nilivyotafuta kizibo cha tarumbeta nipige jazi ya zamani, kijiji kizima kikaja msibani

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, mliokwisha kula na mnaosubiri kula.

Ninayoleta leo ni ya kweli. Chumvi nikiongeza itakuwa kijiko kimoja, viwili, si zaidi ya debe.

Nianze kwa kujianika mwenyewe.

Mpaka nina miaka ishirini na minne, ndevu zimeota, kadi ya chama iko mfukoni, niliamini kwa moyo wote kwamba ile sauti ya tarumbeta linalonong'ona kwenye santuri za jazi za zamani ilirekodiwa kileleni Kibo.

Ndiyo, Kibo hii hii mnayoiona kwenye kalenda.

Stori yenyewe: Wamarekani walipanda na mpiga tarumbeta wao, wakampigisha kwenye barafu, baridi ikaikaba sauti shingoni, ikatoka nyembamba kama uzi wa kushonea. Mimi nilikuwa nasoma masomo ya jioni, elimu ya watu wazima, na mwalimu wetu wa sayansi alishatuambia huko juu hewa ni nyembamba. Nikapiga hesabu: hewa nyembamba, sauti nyembamba. Nikafunga daftari.

Aliyenipa hiyo stori ni kaka yangu, Elikana. Alikuwa amewahi kubebea watalii mizigo mlimani.

"Mimi ndiye niliyembebea lile tarumbeta," aliniambia. "Kushuka lilikuwa zito kuliko gunia la kahawa. Barafu ilijaa ndani."

Sasa ungebisha vipi?

Kwa wasiopajua kwetu, Old Moshi, kule mteremkoni juu ya mji: sisi Walutheri tuna matarumbeta ya kanisa. Yanapigwa Krismasi, alfajiri ya Pasaka, na mtu akifa. Ukisikia tarumbeta linapigwa polepole na siyo Jumapili, unaacha jembe shambani unauliza ni nyumba gani.

Hilo lishikeni, litatuumiza mbele.

Elikana alikuwa anapiga kanisani, lakini roho yake ilikuwa kwenye jazi. Settler mmoja wa Kizungu aliondoka serikali ilipochukua mashamba, mpishi wake akabaki na gramafoni na santuri moja tu. Elikana aliisikiliza mpaka sindano ikaisha.

Basi jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, alikuwa anaingia nyuma ya zizi peke yake na kupiga wimbo mmoja wa polepole kutoka kwenye ile santuri.

Wakuu, sijui niwaelezeje ile sauti.

Haikuwa inalia. Ilikuwa kama mtu anaongea na wewe akiwa upande wa pili wa mlango, na unamjua ni nani, ila hafungui.

Mama alikuwa anaacha kumenya ndizi. Kisu mkononi, ndizi mkononi, anatazama migomba. Wimbo ukiisha ndipo anaendelea. Baba alikuwa ameshafariki. Kofia yake ya pama ilikuwa inaning'inia msumarini karibu na mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Halafu Elikana akapata bendi ya dansi upande wa Kenya. "Miezi mitatu tu, mama." Tarumbeta akaniachia mimi, alisema bendi ina yake.

Mpaka wetu na Kenya ukafungwa.

Barua zikaja mbili kwa kuzunguka, kisha zikakoma. Ukapita mwaka, ukapita mwingine. Mama hakulalamika hata siku moja. Ila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, ungemwona anatega sikio kule zizini.

Siku moja akaniambia, kama anayeomba chumvi tu, "Wewe si una tarumbeta? Hebu nipigie ule wa Elikana."

Nilikuwa napiga kanisani, mstari wa nyuma, lakini napiga. Wimbo nilikuwa naujua kichwani. Nikasimama katikati ya kihamba, shamba letu la nyumbani, kwenye migomba, nikajaza kifua.

Tarumbeta lilitoka wazi kabisa. Nadhani hata Uru, ng'ambo ya korongo, walisikia, na kama Kahe, kule chini tambarare, hawakusikia ni kwa sababu ya upepo.

Sijafika nusu, naona majembe.

Wanaume sita na sururu za kuchimbia kaburi. Akina mama wamejifunga khanga, mmoja na maziwa, mwingine na mkungu wa ndizi kichwani. Balozi wetu wa nyumba kumi mbele, kofia mkononi.

"Poleni sana. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Aliyefariki!"

"Hakuna. Hii ni jazi."

"Jazi ni mtoto wa nani?"

Mngecheka hapo, na mimi ningecheka, ila niligeuka nikamwona mama. Ameshika nguzo ya zizi kwa mikono miwili. Aliwaona watu na majembe, akadhani barua ya msiba imefika kwa balozi.

"Ni Elikana?" akauliza. "Niambieni tu. Ni Elikana?"

Wakuu, hiyo nimeishi nayo.

Kesho yake nilizunguka na majani ya isale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale ndipo msamaha unazungumzika. Nilianza kwa balozi, nikaenda kwa mzee wa kanisa, nikamaliza kwa wale sita wa sururu. Mmoja alilipokea akasema, "Nimekusamehe, ila ukifa wewe sichimbi, nishachimba kwa moyo."

Jioni hiyo nikaapa: mama hatalisikia tena lile tarumbeta mpaka sauti iwe ile ile ya Elikana. Na sitamwuliza kitu, sitamgusia, nataka siku hiyo imkute bila kutarajia.

Utafiti ukaanza.

Kwanza kabisa, sayansi. Nikapanda na tarumbeta mlimani kwenda kuifuata hewa nyembamba. Kwa baridi ya kule nusura niondoke na ile pama ya baba, nikaogopa, nikajifunika gunia. Nikavuka msitu mpaka miti ikaisha, nikapiga. Sauti ilikuwa ile ile ya msiba, isipokuwa midomo iliganda kwenye bati. Nikasema labda sijafika juu vya kutosha. Imani, wakuu, ni kitu kigumu kufa.

Nikajaribu kuliziba kwa gunzi la mahindi, likatoka kama risasi likampata jogoo. Kisha kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, nikakisokomeza kwenye mdomo mpana wa tarumbeta mpaka kikakaza. Nilipuliza, hewa haina pa kutokea, mashavu yakavimba, nikaona nyota mchana. Sauti haikutoka hata kidogo.

Ndipo fundi baiskeli mmoja pale mjini akanielekeza kwa Mzee Lazaro. Huyu alikuwa mtu wa Tabora, alipigia bendi ya jeshi enzi za mkoloni, wakati huo akifanya kazi kiwanda cha sukari kule bondeni. Nikamfuata na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizo ndizi zinataka nini kwangu?"

Nikamweleza yote. Kibuyu alikicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe Mchaga, unataka kulinyonga tarumbeta au unataka liongee kwa adabu?"

"Liongee kwa adabu."

"Basi liache lipumue."

Akatoa debe chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na vizibo vitatu vya kuweka mdomoni mwa tarumbeta, kila kimoja kwenye soksi yake.

Wapiga tarumbeta mlioko humu mnavijua. Kuna cha bati chembamba kama pia, kina vipande vitatu vya koki, ile laini ya kuzibia chupa, ubavuni, ili kishike bila kuziba na hewa ipite pembeni. Cha pili ni kama hicho hicho ila kina bakuli mbele. Cha tatu kinaziba pande zote, lakini katikati kina tundu.

Nikanyoosha mkono kwenye cha tatu. Kilikuwa kinang'aa.

"Acha! Kizibo hakichaguliwi kwa macho. Geuka utazame miwa."

Nikageuka. Akapiga kipande kimoja cha wimbo mara tatu, kila mara kwa kizibo chake.

Mara ya kwanza sauti iliuma kama nyuki ndani ya kopo. Ya pili ikaja ya mviringo, laini, kama mtu mwenye heshima zake. Ya tatu ilikuwa kama redio ya jirani ambaye mmegombana.

"Ipi?"

"Ya pili. Ila yule wetu alikuwa laini zaidi, mzee. Kama yuko nyuma ya mlango."

Mzee Lazaro akarudisha vile vingine viwili kwenye soksi. "Mimi nimekupa vizibo," akasema. "Mlango sina."

Akaniazima cha bakuli. Akanifundisha pia kwamba kizibo kinapandisha sauti kidogo, kwa hiyo nivute bomba la kutyuni, lile la kurekebishia sauti, nje unene wa kucha, la sivyo ningepiga kama mbuzi.

Nilifanya mazoezi wiki tatu kwenye stoo ya kahawa, mlango umefungwa. Kisha jioni moja, ng'ombe wamekamuliwa, nikaingia nyuma ya zizi pale pale aliposimama Elikana.

Nikapiga mwanzo mpaka mwisho.

Hakuja mtu na sururu. Hata mbwa hakubweka. Nilipotokea upande wa pili, mama alikuwa amekaa na kisu mkononi na ndizi mkononi, hajamenya. Macho yamelowa.

"Aika, asante mwanangu," akasema. "Umepiga vizuri sana. Lakini siyo yenyewe."

Wakuu, nikaliweka tarumbeta chini. Nikajikuta namwaga kila kitu: Kibo, Wamarekani, hewa nyembamba, kibuyu, Mzee Lazaro na soksi zake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mpaka ufungwe.

Nilichojifunza: kwa jazi ya zamani, anza na kizibo cha bakuli, fumba macho, chagua kwa sikio. Na kabla ya kupanda mlima kutafuta jibu, uliza kwanza jikoni kwenu.

Mpaka ulikuja kufunguliwa. Walirudi wengi. Elikana habari zake ni za kusikia tu, mara yuko Mombasa, mara ana duka, mara yule siye. Mama alitega sikio mpaka siku zake zikaisha.

Kwa hiyo mnaopiga tarumbeta, wekeni maoni yenu hapo chini, nani anatumia kizibo gani. Na kama kuna mtu upande ule anamjua mzee mmoja wa Old Moshi anayewaambia watoto kwamba alimbebea Mmarekani tarumbeta mpaka Kibo, mwambieni mdogo wake anauliza.

Na siku ile, mama alipomaliza kucheka, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema:

"Kaka yako mlimani aliishia kibanda cha kwanza, akatapika, wakamrudisha. Alikuwa anapiga ndani ya kofia ya baba yenu. Mimi nilijua, maana kila jioni ilikuwa inarudi msumarini imelowa mate. Ipo pale mlangoni. Nenda kaichukue."